Habari Hutangulia Gunia: Historia Fupi ya Simu, Ramani na Misaada ya Maafa



Ndugu msomaji, nianze na kisa ambacho kikitajwa katika kikao chetu cha vijana, watu huinama na kucheka kwa aibu. Mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Niño zilipiga vibaya sana. Mto Tana ukafurika, watu wa Garissa na Tana River wakahama majumba yao. Sisi vijana, kila mmoja na simu yake mkononi, tukapokea ujumbe kwenye WhatsApp: kijiji fulani cha Tana Delta kimezungukwa na maji, watoto hawana nguo, leteni nguo haraka. Ujumbe ulikuwa na picha ya mtoto amesimama kwenye maji, tena picha ya kuliza. Tukausambaza kila mahali. Kwa siku tatu tukakusanya nguo mafurushi kwa mafurushi, mama zetu wakatoa hata madira mapya, tukakodi lori, tukaondoka baada ya swala ya alfajiri.

Tulipofika, mzee mmoja alitupokea kwa adabu, akatukalisha mkekani, akaomba aione ile picha. Akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, hii ni picha ya mafuriko ya 2018. Huyu mtoto ndiye aliyewaonyesha njia sasa hivi." Tukamgeukia yule kijana. Wallahi ni yeye! Mzee akaendelea, "Nguo tunazo. Tulichokosa ni maji ya kunywa, sufuria na neti za mbu. Mngenipigia simu ningewaambia." Akaitoa simu yake mfukoni akatuonyesha. Ilikuwa na chaji.

Tulirudi kimya. Mimi nasoma historia chuo kikuu, na maneno ya mzee yule yalinikaa. Tulikuwa na simu, intaneti, pesa na nia njema. Basi tulikosea wapi? Nikaanza kusoma jinsi watu wengine walivyotumia simu na kompyuta wakati wa maafa, toka tsunami ya 2004 mpaka miaka yetu hii. Nimekuta mambo ambayo nimeona tuyasome pamoja mwezi huu, manake huu ndio mwezi ambao kila msikiti na kila jumuiya inakusanya misaada.

Barua za mwaka wa majivu

Tusidhani kwamba haja ya habari wakati wa dhiki ilianza na simu. Wale tuliopita madrasa tunakumbuka kisa cha Aamu r-Ramada, mwaka wa majivu, katika mwaka wa 18 Hijria, yapata 639 Miladia. Bara Arabu ilikauka hata ardhi ikawa rangi ya majivu, na watu wa jangwani wakamiminika Madina kutafuta chakula. Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwaandikia magavana wake wa majimbo akiwataka walete chakula, na misafara ya ngamia ikaja. Wapokezi wanasimulia pia kwamba aliamuru wanaokula wahesabiwe, ajue ni watu wangapi wanaohitaji kulishwa kila siku.

Hebu tazama hapo. Kuna barua, kuna kuhesabu watu, na kuna chakula. Ngamia hawakuondoka Sham kabla barua haijafika. Na chakula hakikugawanywa kwa kukisia. Tangu siku hizo mpaka leo kazi ya misaada ni hiyo hiyo: nani amefikwa, yuko wapi, anahitaji nini, na nani anaweza kumfikishia. Kilichobadilika ni mwendo wa barua.

Saa saba za Bahari ya Hindi

Jumapili tarehe 26 Disemba 2004, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi yaliyotokana nalo yaliua watu yapata 230,000 katika nchi kumi na nne. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki yalitufikia pia. Kule Somalia yaliua watu takriban 300, wengi wao wa upande wa Puntland, na mji wa Hafun, uliojengwa kwenye ulimi wa ardhi ulioingia baharini, ukaharibiwa vibaya. Kenya alifariki mtu mmoja.

Kwa nini tofauti hiyo? Umbali na sura ya pwani vina sehemu yake, maana Hafun iliyakabili mawimbi uso kwa uso. Lakini kuna jambo jengine. Mawimbi yalichukua yapata saa saba kufika Somalia. Katika muda huo dunia ilikuwa tayari inatazama maafa ya Sri Lanka na Thailand kwenye televisheni. Hapa Kenya wakuu waliziona habari, wakaamrisha watu waondolewe ufuoni, na polisi wakafanya hivyo. Somalia wakati huo haikuwa na serikali yenye uwezo wa kutoa amri kama hiyo. Saa saba zinamtosha mtu kutembea kwa miguu, na mzigo kichwani, mpaka mahali pa juu. Habari ilikuwapo duniani, lakini kwa mvuvi wa Hafun haikufika.

Baada ya msiba huo nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi zilijenga mfumo wa pamoja wa tahadhari ya tsunami. Lakini kuna kazi nyengine iliyofanywa Sri Lanka ambayo haisemwi sana. Kule walikufa zaidi ya watu 30,000, na maelfu ya familia zikatawanyika kwenye kambi. Mama hajui mtoto yuko kambi gani. Shirika moja linapeleka mchele pale pale palipopelekwa mchele jana, na kambi ya pili haina kitu. Siku chache tu baada ya mawimbi, wataalamu wa kompyuta wa kujitolea mjini Colombo walikaa chini wakaandika programu ya kuweka pamoja majina ya waliopotea, orodha ya kambi, mashirika yaliyopo na mahitaji ya kila mahali. Wakaiita Sahana, neno la Kisinhala lenye maana ya nafuu. Waliifanya iwe programu huria, yaani yeyote duniani anaweza kuichukua bure na kuitumia, na miaka iliyofuata ikatumika katika maafa ya nchi nyengine.

Vijana hao hawakungoja wafadhili wa ng'ambo waje na mitambo. Msiba ulikuwa wao, na lugha na majina ya vijiji waliyajua.

Nairobi, Januari 2008

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa au tulikuwa watoto wadogo wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Disemba 2007. Wazazi wetu wanazikumbuka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa makwao. Tarehe 30 Disemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu wakabaki gizani, hawajui barabara gani imefungwa, mtaa gani unachomwa.

Mwanasheria Ory Okolloh alikuwa akiandika kwenye intaneti yaliyokuwa yakitokea. Mapema Januari 2008 akatoa wazo: je, hakuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinapotokea? Wakajitokeza Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine, na katika siku chache ramani ikawa hewani. Jina lake halihitaji tafsiri kwetu: Ushahidi.

Ilivyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mtu aliyeona tukio aliandika ujumbe mfupi wa simu au aliingia kwenye tovuti, akaeleza ameona nini na wapi. Watu wa kujitolea waliusoma, wakaulinganisha na habari za magazeti na za mashirika yaliyokuwa huko, kisha wakaweka alama kwenye ramani. Alama nyekundu hapa, nyengine pale, mpaka mtu aliye mbali anaiona sura ya nchi nzima kwa mara moja.

Zingatia lile neno kulinganisha. Aliyesoma Suratul Hujurat anajua tumeamrishwa nini tunapoletewa habari na mtu tusiyemwamini. Na aliyesoma ilimu ya hadithi anajua kwamba wanavyuoni waliuliza kwanza: nani amesema, kamsikia nani, walikutana kweli? Waanzilishi wa Ushahidi walikumbana na suali lile lile kwenye kompyuta. Ramani iliyojaa uongo ni hatari kuliko kutokuwa na ramani, kwa sababu watu wataiamini na kuifuata.

Wakati huo huo chombo chengine kilikuwa kinajaribiwa bila mtu kupanga. M-Pesa ilikuwa imeanzishwa Machi 2007, haijatimiza hata mwaka. Ghasia zilipofunga maduka na mabenki, watu waliokwama Kibera na kwengineko walitumiwa pesa na muda wa maongezi na jamaa zao kwa simu. Baadaye mwaka huo wa 2008, shirika la Concern Worldwide likatumia M-Pesa kuzipelekea fedha mamia ya familia zilizoathirika katika Bonde la Kerio. Si kila familia ilikuwa na simu. Basi familia zikawekwa kwenye vikundi, kila kikundi kikapewa simu moja na chaja ya kutumia jua. Hilo ni funzo pia: chombo kikubwa namna gani, lazima ufikiri kuhusu yule asiyekuwa nacho.

Kutoka Nairobi mpaka Port-au-Prince

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na moja kasoro dakika saba jioni kwa saa za huko, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti. Kitovu chake kilikuwa karibu na mji wa Léogâne, magharibi ya mji mkuu Port-au-Prince. Majumba ya saruji yaliporomoka juu ya watu. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Makadirio yanatofautiana baina ya 100,000 na zaidi ya 300,000. Ikulu yenyewe ilianguka, na ofisi za Umoja wa Mataifa zikaanguka. Wale ambao wangeongoza uokoaji walikuwa wenyewe chini ya kifusi.

Hapo ikaonekana shida ambayo huwezi kuifikiria ukiwa mbali: hapakuwa na ramani. Waokoaji walitoka nchi nyingi, wana mbwa wa kunusa na mashine za kukata saruji, lakini ramani za intaneti zilikuwa na barabara chache tu za mji ule, na mitaa ya watu maskini ilikuwa nafasi tupu. Wakaingia kazini watu wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa na Muingereza Steve Coast mwaka 2004. Makampuni ya setilaiti yalitoa picha mpya za mji, na mamia ya watu wa kujitolea, kila mmoja kwao na kompyuta yake, wakawa wanachora juu ya zile picha barabara moja moja, jumba lililoanguka, uwanja uliogeuka kambi. Kwa wiki chache Port-au-Prince ikapata ramani ambayo haijawahi kuwa nayo, na waokoaji wakaibeba kwenye vifaa vyao.

Na ile ramani ya Ushahidi? Patrick Meier, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha Fletcher cha Chuo Kikuu cha Tufts karibu na Boston, aliifungua kwa ajili ya Haiti saa chache baada ya tetemeko. Wanafunzi wenzake wakajaa nyumbani kwake usiku na mchana. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Kenya iliyokuwa ikiungua ikatumika kutafuta watu katika kisiwa cha Karibiani. Nakiri kwamba niliposoma hayo nilijisikia fahari.

Kisha ikaja nambari 4636. Mhaiti yeyote mwenye simu ya Digicel angeweza kutuma ujumbe bure kwa nambari hiyo akaeleza alipo na anachohitaji. Ukiangalia vibonyezo vya simu za zamani, 4636 ndizo herufi za neno INFO. Jumla ya ujumbe ulioshughulikiwa ulifika 80,000. Lakini ujumbe uliandikwa kwa Krioli ya Haiti, na waokoaji wengi walijua Kiingereza tu. Utafanya nini na kilio usichokielewa?

Jawabu lilipatikana kwa Wahaiti wenyewe. Robert Munro, mtaalamu wa lugha na kompyuta, alisimamia kazi ya kutafsiri, na watu wa kujitolea kwa mamia, wengi wao Wahaiti wanaoishi Marekani, Kanada na kwengineko, wakaifanya kupitia intaneti. Mtu kamaliza zamu ya kazi, anafungua kompyuta, anasoma ujumbe, anautafsiri, anatafuta mahali pake kwenye ramani, anaupeleka. Chukua mfano wa jina moja tu: Carrefour. Kwa Kifaransa neno hilo ni njia panda. Mtafsiri asiyeujua mji angeweza kuandika kwamba watu wamekwama kwenye njia panda. Mhaiti anajua kwamba Carrefour ni mji wenye watu wengi, magharibi ya Port-au-Prince. Kosa la neno moja, na gari la maji linakwenda kusiko. Baadaye kazi ikahamishiwa ndani ya Haiti kwenyewe, kwa wafanyakazi wa kulipwa katika mji wa Mirebalais.

Magazeti ya dunia yaliandika sana kuhusu maajabu ya teknolojia kule Haiti. Munro, aliyekuwa ndani ya kazi, alipoandika tathmini yake baadaye alisema jambo ambalo nataka kila kijana alishike. Aligundua kwamba kasi, wingi na usahihi mkubwa kabisa wa kazi ulitokana na Wahaiti, walio nyumbani na walio ughaibuni, pamoja na waliofanya kazi nao kwa karibu, na kwamba hakuna teknolojia mpya iliyokuwa na sehemu kubwa katika hilo. Ujumbe mfupi wa simu na tovuti za kawaida vilitosha. Palizuka pia mjadala mkali kuhusu siri za watu, kwa sababu ujumbe wa watu walio hatarini ulikuwa ukiwekwa hadharani, na aliyeandika "nisaidieni" hakujua kwamba dunia nzima itausoma.

Nepal walikuja kuthibitisha funzo hilo. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliua karibu watu 9,000. Lakini vijana wa kikundi cha Kathmandu Living Labs walikuwa wamekwisha kuanza kuichora ramani ya mji wao kabla ya msiba. Ulipofika, hawakuanza na karatasi tupu. Na hapa kwetu vijana wa Kibera walifanya kazi kama hiyo tangu 2009, walipopita vichochoro vyao na vifaa vya GPS na kuchora mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Choo kiko wapi, bomba la maji liko wapi, zahanati iko wapi. Hayo hayaonekani kwa setilaiti.

Ramadhan ya njaa na simu

Nitataja Ramadhan moja. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu katika sehemu mbili za kusini mwa Somalia, Bakool na Shabelle ya Chini. Mwanzoni mwa Agosti tukaingia Ramadhan, na tarehe 3 Agosti sehemu nyengine zikaongezwa. Watafiti walikuja kukadiria kwamba watu karibu 260,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Dadaab ilifurika. Turkana nayo ilikuwa ikiteketea kwa ukame.

Hapa Kenya ilianzishwa kampeni ya Kenyans for Kenya, ikiongozwa na Msalaba Mwekundu wa Kenya, Wakfu wa Safaricom, benki ya KCB na wenye vyombo vya habari. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 katika wiki nne. Watu walituma kwa M-Pesa, kidogo kidogo, mwanafunzi, mama muuza mboga, makanga wa matatu. Lengo likapitwa kabla ya muda wake, likaongezwa mpaka bilioni moja. Zamani mchango wa taifa ulikuwa ni matajiri kupigwa picha na hundi kubwa. Mwaka ule mwenye noti moja alitoa pale pale alipokaa, bila nauli, bila foleni.

Lakini ndani ya Somalia fedha zitafikaje? Hakuna benki, na kundi la al-Shabaab liliyazuia mashirika mengi. Jawabu likawa hawala. Waliosoma fiqhi ya Imamu Shafi wanaujua mlango wa hawala, wa kuhamisha deni kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwengine. Wasomali wamejenga juu ya fikra kama hiyo mtandao wa kupeleka fedha dunia nzima. Mtu anaweka fedha kwa wakala Nairobi au Minneapolis, wakala anampelekea mwenzake habari kwa simu au kompyuta, na mwenyewe anachukua fedha Kismayu au Baidoa. Mawakala wanalipana baadaye. Mashirika ya misaada yalipokwama, yakapitisha fedha kwa mawakala hao, zikawafikia mamia ya maelfu ya watu, wakanunua chakula sokoni. Chombo kilichofanya kazi wakati wa dhiki kilikuwa kile ambacho watu walikiamini tangu zamani.

Alama za vidole

Sasa nije kwenye uchungu, manake historia haisimuliwi upande mmoja. Ukame wa miaka hiyo uliwapiga Wakenya wa Garissa na jirani zake sawasawa na ulivyowapiga wakimbizi. Tofauti ni kwamba kambini kulikuwa na chakula na dawa. Basi wazazi wengi, Wakenya halisi, waliingia Dadaab wakajiandikisha na watoto wao kama wakimbizi ili wale. Nani atamlaumu mama kwa hilo? Alama za vidole zikachukuliwa, zikaingia kwenye kompyuta.

Ukame ukapita. Mtoto akakua, akatimiza miaka kumi na minane, akaenda kuomba kitambulisho. Kompyuta ikajibu: wewe ni mkimbizi. Maelfu walijikuta hivyo. Na hapa Kenya bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, chuo shida, kazi shida, na ukikutana na polisi barabarani ni balaa. Suala hili likafikishwa mpaka mahakamani, na wengine wamesubiri miaka na miaka. Kompyuta ile ile iliyohakikisha mtoto anapata unga wake ndiyo iliyomfungia mlango wa uraia. Haina kusahau, wala haimjui mama yake alikuwa na dhiki gani siku ile.

Kwa hiyo tunapoandika majina ya mayatima na wajane kwenye simu zetu mwezi huu, tujue tunashika amana. Orodha ya wenye dhiki si kitu cha kurusha kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu mia mbili, wala picha ya mjane anapokea kibaba cha mchele si pambo la ukurasa wetu. Sitara ya muislamu ina thamani kuliko tangazo.

Sisi tufanye nini?

Vijana wenzangu, kutokana na hayo yote nimetoka na mambo machache, na naona tunayaweza.

Kwanza, kila habari ya maafa iulizwe mambo manne kabla hatujaisambaza: ni lini, ni wapi hasa, nani ameiona kwa macho yake, na nambari yake ni ipi. Kama hakuna wa kumpigia, tusiitume. Tungeuliza hayo 2023, mafurushi yetu yangekuwa sufuria.

Pili, tusiwaamulie watu haja zao. Mwenye kufikwa ndiye anayejua anachokosa. Na mara nyingi pale ambapo soko bado lipo, fedha kwenye simu zitamfaa kuliko gunia tulilobeba kilomita mia tatu.

Tatu, tujiandae kabla. Ramani ya vijiji, majina ya viongozi na wazee, nani ana boti, visima viko wapi, nani hana simu. Kazi hiyo hufanywa wakati wa kiangazi. Mafuriko yakishafika umechelewa.

Nne, orodha ziwe na mlinzi mmoja au wawili waaminifu, na kazi ikiisha zifutwe.

Nimalizie kwa habari njema. Mzee wetu wa Tana Delta sasa nambari yake iko kwa katibu wa jumuiya yetu, pamoja na za wazee wengine. Wiki mbili kabla ya Ramadhan hii katibu alimpigia, akamuuliza hali. Mzee akashukuru, akasema, "Mwaka huu tuko salama, alhamdulillahi. Ila pampu ya kisima imekufa, akina mama wanachota mtoni kwenye mamba." Mazungumzo yalichukua dakika nne. Fundi amekwisha kwenda kuitazama, na gharama yake tumeitangaza msikitini kwa hesabu kamili. Yule kijana wa kwenye picha, tumeambiwa, ndiye aliyemuonyesha fundi njia.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na sadaka zetu, na atujaalie tuwe wenye kuhakikisha kabla ya kusema.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.